Gia Tatu Kutoka kwa Mnoa Visu: Shajara ya Kufufua Raleigh, Tanga

11 Januari

Nimepata fremu ya baiskeli. Ilikuwa kwenye kiwanja cha chuma chakavu pembezoni mwa Ngamiani, imelaliwa na mlango wa jokofu na rundo la mabati, na kesho yake lori lilikuwa linakuja kubeba kila kitu. Haina magurudumu, haina tandiko, haina usukani. Rangi nyeusi imebakia kwenye maungio tu. Kilichonifanya niiname ni ile sahani ya meno pale katikati: ndani yake kumekatwa ndege watatu wenye shingo ndefu. Ni korongo, alama ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Alama ya shaba ya mbele ilikwishang'olewa zamani, yamebaki matundu ya misumari yake.

Kabla ya kuuliza bei niliikagua, kwa sababu bei ikishatajwa jicho huanza kusamehe. Kwanza nilipitisha vidole chini ya bomba la juu na la chini, pale yanapokutana na shingo ya mbele. Baiskeli iliyogonga ukuta au gari huacha uvimbe mdogo hapo, au rangi iliyokunjamana, hata kama foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imenyooshwa ikanyooka. Hakuna. Kisha nikasimama nyuma yake, nikafumba jicho moja, nikatazama kama foko na bomba la tandiko vinakwenda pamoja. Vinakwenda. Mwisho nikagonga bomba la tandiko kwa spana kuanzia juu hadi chini. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kwa ndani kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga, na mahali pa kusikiliza zaidi ni chini kabisa, maji ya mvua yanakotuama.

Kilo tisa pamoja na foko, mikono ya pedeli na keria. Kwa mzani ilikuwa shilingi 7,200, nikatoa 10,000. Nikaomba karatasi ya mauziano yenye namba ya fremu, tukaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa akaigonga muhuri. Muuzaji alishangaa kuona karatasi kwa ajili ya kutu. Lakini baiskeli kuukuu huwa na mwenyewe mahali fulani, na siku atakapotokea mtu akasema "hii ilikuwa ya baba", nataka niwe na la kumwonyesha.

12 Januari

Babu yangu alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Alikuwa na Raleigh ya gia tatu. Iliuzwa nikiwa mdogo, ada ya shule ya shangazi ilipokwama, na hakuna anayejua ilikoishia. Sitafuti ile ile. Nataka nyingine ya aina yake itembee tena barabarani, yenye gia ileile ya ndani ya habu (kitovu cha gurudumu la nyuma), ile sauti ya tik-tik-tik iliyotutangulia uani kabla babu hajapiga kengele.

Nimejiwekea kiwango: yote isizidi shilingi 150,000. Na sharti moja: sitavunja baiskeli inayotembea. Kama kifaa kinamfanyia mtu kazi, lazima nimwachie kitu kitakachoifanya kazi hiyo vilevile au zaidi.

18 Januari

Siku nzima imekwenda kwenye kota pini mbili, zile za kabari zinazoshika mikono ya pedeli kwenye ekseli. Nilizimiminia mafuta ya breki yaliyochanganywa na dizeli tangu Jumatatu. Kosa wanalofanya wengi ni kupiga nyundo huku baiskeli imening'inia: nguvu yote inaishia kwenye gololi na vikombe vyake, na pini inapinda kichwa. Nimekata bomba fupi la chuma nene, nikalisimamisha chini ya mkono wa pedeli ili pini iingie ndani yake, halafu pigo moja zito. Pini ya kushoto ilitoka kwa pigo la kwanza. Ya kulia ilitaka moto.

Dukani nilipewa pini za milimita 9. Zinaingia, zinakaa, ukikanyaga zinacheza. Raleigh inataka 9.5. Nusu milimita hiyo ndiyo inayomfanya mtu akaze kila wiki na kuamini kwamba ekseli imechoka.

Vikombe vya katikati nimeviacha vyake. Raleigh ya Nottingham ilikatwa nyuzi 26 kwa inchi, wakati baiskeli nyingi nyingine za Kiingereza zina nyuzi 24, na kwa macho hazitofautiki. Kikombe kigeni kitaanza kuingia vizuri mzunguko mmoja, miwili, kisha kinakula nyuzi za fremu, na fremu ikishaliwa haina dawa. Nimesafisha, nikaweka gololi mpya 11 za robo inchi kila upande, na grisi. Kikombe cha kulia kinafunguliwa kinyume, wala kwangu hakikuhitaji kufunguliwa. Gololi na pini, 6,500.

2 Februari

Nimezunguka wiki mbili. Niandike nilichojifunza kuhusu kutafuta, maana bahati hapa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Tanga ni mji tambarare na watu wake wanapanda baiskeli, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo vifaa vipo. Lakini havikai pamoja. Baiskeli ya zamani ya Kiingereza haifi siku moja. Inapoteza tandiko mwaka huu, gurudumu la mbele mwaka kesho, na kila kilichotoka kinahamia kwenye baiskeli nyingine. Ukitafuta Raleigh nzima utatafuta mpaka uchoke. Mimi natazama Phoenix za Kichina na Hero za India, zinazopita mbele yangu kila dakika, nikiangalia ni ipi imebeba kiungo kisicho chake. Usukani wangu na vyuma vyake vya breki nilivipata hivyo, kwa fundi wa Makorora aliyekuwa amevitundika kwenye mwembe kama hanga ya nguo. Shilingi 12,000.

Jambo la pili ni majina. Wenye kujua kidogo wanatafuta neno Raleigh peke yake, na muuzaji akiliona naye anapandisha. Lakini Raleigh ilikuwa imezinunua Humber, Rudge na BSA, na baada ya 1960 Phillips na Hercules nazo zikawa chini ya mwamvuli huohuo. Vifaa vingi vya miaka ile vinaingiliana. Humber utaitambua kwa mbali: foko yake ina mirija miwili kila upande. Nimeona moja imefungwa kwenye mti Chumbageni, mwenyewe hauzi, na nimefurahi kwamba hauzi kwa sababu anaipanda kila siku kwenda kazini.

Jambo la tatu, hesabu spoki. Magurudumu ya asili yana 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli za mtumba kutoka Japani nyingi ni 36 kote. Ringi nzuri ya mtumba ya bei poa haitakaa kwenye habu ya matundu 40, hata ukiambiwa na nani.

15 Februari

Nimeipata habu. Naandika mkono ukiwa bado unanukia grisi.

Soko la Mgandini, saa tatu asubuhi, mzee mnoa visu amesimamisha baiskeli yake kwenye stendi. Mkanda unatoka kwenye gurudumu la nyuma kwenda kwenye jiwe lililofungwa juu ya fremu. Anakanyaga, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Nilikuwa nimempelekea panga la nyumbani. Nikiwa nangoja nikaona kati ya gurudumu pamevimba kuliko habu ya kawaida, na kwenye uvimbe ule kuna kifuniko kidogo cha kutilia mafuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Panga hili limekata mawe?"

Nikamwomba ruhusa nifute grisi kwa kitambaa. Ikatokea herufi moja baada ya nyingine: STURMEY-ARCHER, jina la mtengenezaji, kisha AW, aina yake ya habu ya gia tatu, kisha tarakimu 62 na 7. Hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. Julai 1962. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miezi saba, na Jamhuri bado haijatangazwa.

Mzee alikuwa hajui kwamba ina gia. Aliinunua hivyohivyo, waya ulikwishakatika. "Ni ngumu kidogo kuanza," alisema, "lakini ikishashika, jiwe linalia." Kwangu maneno yale yalikuwa ushahidi tosha. Habu ya AW isiyo na waya inakaa yenyewe kwenye gia ya tatu, kwa sababu waya ndio unaovuta kurudi kwenye ya pili na ya kwanza. Gia ya pili ni moja kwa moja, ya kwanza ni robo tatu yake, ya tatu inaongeza theluthi. Mzee amenoa visu vya Tanga miaka yote hiyo kwenye gia nzito, na moyo wa habu bado unazunguka.

Sasa sharti langu. Gurudumu lile ndilo riziki yake. Nikamweleza kila kitu: ni kitu gani, kwa nini nakitaka, na kwamba kuna watu wanaokipenda hata ng'ambo. Sikutaka aje asikie baadaye kwa mtu mwingine. Akafikiri, akauliza swali moja tu: "Na jiwe langu?"

Tukapiga hesabu pamoja. Gurudumu lake lilikuwa na meno 20 nyuma, kwenye gia ya tatu. Ili jiwe liende kasi ileile kwa friwili ya kawaida, yanatakiwa meno 15. Madukani nimepata 16. Nikamnunulia gurudumu zima la nyuma, ringi nzuri, spoki 40, friwili mpya ya meno 16: 35,000. Nikaongeza 10,000 mkononi. Tulilifunga palepale, wateja wakisubiri. Akajaribu na kisu cha mama muuza samaki. Akasema jiwe limepungua kidogo lakini goti limepata nafuu, na kwa umri wake goti ni bora. Panga langu alikataa kulipwa.

4 Machi

Mfungo umeanza, kwa hiyo kazi inafanyika barazani baada ya tarawehe, taa ikining'inia kwenye msumari.

Kufungua AW kunaogopewa bila sababu. Kitu cha kuogopa ni kimoja: ile pete ya kulia inayoshika gololi ina nyuzi za njia mbili, yaani inaweza kuanza kuingia mahali pawili tofauti. Ukiirudisha kwenye mwanzo usio wake, gurudumu linatoka katikati na utahangaika na spoki usiku kucha. Nimetia alama ya rangi ya kucha (ya mke wangu, kwa idhini yake) kwenye pete na kwenye habu, zikitazamana, kabla ya kugusa nyundo. Kisha patasi butu kwenye pengo la pete, kupiga kuelekea kushoto, mpaka ilegee.

Ndani kulikuwa na uji mweusi. Mtu fulani aliwahi kuijaza grisi, kwa nia njema. Grisi inafaa kwenye gololi za nje tu. Katikati kuna vikucha vidogo vinne, kila kimoja na springi nyembamba kama unywele, na vinatakiwa kuinuka vyenyewe kila mara. Grisi ikikauka vinalala, ndipo watu husema habu imekufa. Nimeosha kila kipande kwa mafuta ya taa, nikavipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka: gia ya jua ya meno 20 iliyo sehemu ya ekseli, sayari nne za meno 20 zinazoizunguka, pete ya meno 60 inayozifunika. Theluthi ya nyongeza ya gia ya tatu inatoka hapo hapo, 20 kwa 60. Nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu. Meno hayajalika. Miaka zaidi ya 60, na ukipitisha ukucha kwenye jino bado unasikia ukingo.

Springi moja ilikuwa imekatika. Fundi jirani amenipindia nyingine kwa uzi mwembamba wa gitaa, mara tatu mpaka ikakubali. Sasa inapata mafuta mepesi ya mashine, kijiko kimoja cha chai kupitia kile kifuniko, na baadaye matone machache kila mwezi.

22 Machi

Binamu yangu aliyeko Leicester amepata swichi ya gia. Huko Jumapili watu huegesha magari uwanjani na kuuza vitu vya nyumbani kutoka kwenye buti. Aliikuta kwenye sanduku la vitasa, akalipa pauni mbili, na amenikatalia kumrudishia. Ameongeza waya mpya na kile kicheni kidogo kinachoingia kwenye ekseli. Vicheni hivyo bado vinatengenezwa. Jina la Sturmey-Archer lilihamia Taiwan mwaka 2000 na vipande vingi vya leo vinaingia kwenye habu za zamani. Kuna mtu anakuja Idi, ataleta.

12 Aprili

Muheza, mvua ya masika tangu alfajiri. Niliambiwa kuna bibi anauza baiskeli ya marehemu mumewe kwa bei ya chuma, 30,000.

Ilikuwa ndani ya stoo ya kuni, ya kike, imesimama kwa matairi yaliyooza. Nilipoona gurudumu la mbele nilinyamaza. Habu pana kama sahani: Dynohub, dinamo iliyo ndani ya habu yenyewe, volti 6, wati 2, isiyosugua tairi kama dinamo za chupa. Sijawahi kuigusa kabla ya leo. Na taa yake ya mbele ipo, kioo kizima.

Kwa 30,000 ningeweza kuondoka nayo na bibi angenishukuru. Nilikuwa na pesa mfukoni. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia, "Bibi, hii si chuma. Inawasha taa yenyewe bila betri, na inafaa kuuzwa mara kadhaa ya hiyo bei." Akaniuliza kama bado inaweza kuwaka. Nikainua mbele, nikaunga waya mbili kwenye balbu ndogo, mjukuu wake wa miaka kumi na tano akazungusha gurudumu. Ikawaka, hafifu, kisha vizuri. Bibi akaweka mkono mdomoni. Akasema alikuwa anaiona taa ile usiku tangu bondeni, ndipo anaweka maji ya mumewe motoni.

Haiuzwi tena. Mjukuu ataipanda kwenda shule. Nimebaki mpaka saa kumi nikimfundisha kijana, na la kwanza nililomwambia ni kwamba asiitenganishe sumaku na koili zake hata siku moja: sumaku ya Dynohub ikichomolewa bila kuwekewa pete ya chuma ya kuishika, inapoteza nguvu, na taa hairudi tena.

Bibi ndiye aliyekumbuka tandiko. Lilikuwa limetundikwa msumarini, Brooks ya ngozi yenye springi mbili, la baiskeli nyingine iliyokwisha zamani. Ngozi imekauka lakini haijapasuka pembeni mwa misumari, na hapo ndipo pa kutazama. Alitaka kunipa bure, nikamlazimisha apokee 15,000. Nitalipaka mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki, kidogo kidogo, na sitaikaza ile nati ya mbele mpaka ngozi ilainike.

3 Mei

Matairi. Hapa sisi tuna neema. Yale makubwa ya 28 x 1½, ambayo ubavuni yameandikwa 40-635, yapo kila duka la baiskeli Tanga, kwa sababu Phoenix na za India zinatumia kipimo hichohicho. Mawili na tyubu zake, 36,000. Gurudumu la mbele la spoki 32 nimelipata Mgandini kwa 20,000, limepinda kidogo, nimelinyoosha mwenyewe.

Breki za vyuma zimenichukua muda kuliko nilivyotarajia. Mpira wake haubani ubavu wa ringi, unavutwa juu na kugusa upande wa ndani unaotazama habu, kwa hiyo ringi lazima iwe ya aina ile yenye mabega ya mviringo. Nimefupisha chuma cha nyuma nusu inchi. Mvua ikinyesha zinashika polepole, ndivyo zilivyo, na mwendo utapimwa hivyo.

Rangi sigusi. Nimeisugua kwa mafuta na kitambaa, na kwenye bomba la chini umetokea mstari wa dhahabu ambao sikujua kama upo.

17 Mei

Imetembea.

Nimetoka Ngamiani alfajiri, nikashuka mpaka baharini. Gia ya kwanza sawa, ya pili sawa. Kuingia ya tatu pedeli zikazunguka tupu. Kati ya pili na tatu AW ina pengo lisiloshika kitu, na waya ukilegea au kukaza kidogo tu unatua hapo. Nilishuka, nikaweka swichi kwenye pili, nikatazama kwenye kidirisha cha nati ya kulia: kile kijiti cha ndani kinatakiwa kilingane kabisa na ncha ya ekseli. Kilikuwa kimechomoza. Nikazungusha kirekebishi mara moja na nusu. Nikapanda. Ikashika, na ile tik-tik-tik ikaanza.

Jumla 144,500.

Kava la cheni bado. Mzee mnoa visu amenitumia salamu kwamba mteja wake mmoja wa Pangani ana moja, anachotea mahindi ya kuku. Nimeshanunua chombo cha plastiki cha kumbadilishia. Jumamosi nakwenda, kwa baiskeli.